Anayefungwa Anatoka

Mimi ni fundi wa simu na mashine za gemu, pale Mlandege, Unguja mjini, kwenye msururu ule wa maduka ambao kila mtu wa mjini huupita akitafuta chaja, kava au kioo. Juu ya meza yangu mna bisibisi, pasi ya kuchomea risasi na taa ya kukunja; chini yake iko ndoo ya padi zilizokufa, vile vishikio vya kuchezea gemu, ambazo nazichuna vipuri. Mzazi akileta simu ya mwanawe, mara nyingi hata sijaifungua keshaniuliza: "Fundi, hivi hizi gemu si ndizo zinazowaharibu hawa?" Wengine hawaulizi, wanahukumu. Mzee mmoja wa Kikwajuni alinitupia padi mezani akaniambia mimi na shetani tunachangiana kodi ya duka. Kisha akataka kujua itakuwa tayari lini.

Mtu wa namna hiyo nimjibu vipi, na mteja wa pili ananigongea meza? Basi jibu lenyewe naliandika hapa, na mwenye nafasi alisome. Kwa ninavyoona mimi, ugomvi wetu na gemu tumeuelekeza mahali pasipo pake. Tunakodolea macho kinachochezwa, damu na bastola, ilhali kilichobadilika hasa ni kwamba mtoto anayecheza siku hizi hana tena wa kumwambia inuka.

Nianze na padi, maana ndizo ninazozijua.

Ukifungua padi ya kibanda cha gemu utajua inachezewa nini bila ya kuuliza. Ikiwa ni ya mpira, kitufe cha X kimelika, cha mraba kimefutika alama, cha R1 kimelegea. X ni pasi, mraba ni shuti, R1 ni mbio, na mtoto wa mjini hajui mpira wa kutembea. Analogi ya kushoto, kile kijiti cha kumwendeshea mchezaji, ndiyo hufa mwanzo. Ndani yake mna ukanda mwembamba wa kaboni, na juu ya ukanda kuna kijiulimi cha chuma kinachosugua kila unaposukuma kidole. Ukanda ukishalika, mashine hudhani unasukuma hata padi ukiwa umeilaza chini. Mchezaji wako huanza kutembea mwenyewe kuelekea kona, na mpira kauacha nyuma.

Padi ya hivyo huzaa ugomvi kuliko gemu yoyote ya vita. Kijana anafungwa bao kwa kosa ambalo si lake, wenzake wanamcheka, aliyemfunga anasimama juu ya benchi kuimba. Nikipokea padi yenye ufa unaoanzia kwenye mkono na kupanda mpaka kwenye vifungo, najua hiyo imepigishwa ukuta. Nikiuliza ilikuwa gemu gani, karibu kila mara jibu ni mpira. Gemu za bunduki na za kuiba magari, zile ambazo wazee huzitaja kwa hofu, haziniletei kazi hiyo.

Meza ya fundi si maabara, hilo nalijua. Lakini waliofanya kazi ya maabara nao wameona kitu cha jamii hiyo. Mwaka 2014 Andrew Przybylski, Edward Deci, Scott Rigby na Richard Ryan walichapisha majaribio yao juu ya hasira za wachezaji. Walichukua mpaka Tetris, gemu ya kupanga vitofali isiyo na hata tone la damu, wakaivuruga iwe ngumu kupita kiasi. Waliopewa ile iliyovurugwa walitoka na hasira zaidi. Kilichowachemsha kilikuwa ni kushindwa kuimudu gemu. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu dukani, kwa sababu ndoo yangu ilikuwa imejaa ushahidi.

Mwaka 2019 Przybylski huyo huyo, safari hii na Netta Weinstein, waliwachunguza vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15. Tabia za vijana waliziuliza kwa wazazi na walezi wao, na ukatili wa gemu wakaupima kwa madaraja rasmi yanayoandikwa kwenye kasha, badala ya kumwachia mtoto aseme mwenyewe gemu yake ni kali au si kali. Hawakuona uhusiano baina ya kucheza gemu za ukatili na ukorofi. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilitoa kauli mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzitwisha gemu mzigo wa vitendo vikubwa vya ukatili, ingawa kiliona uhusiano mdogo na mambo kama kupayuka na kusukumana. Kupayuka na kusukumana! Hayo nayaona kila jioni kwenye keram, na wanaosukumana wana ndevu nyeupe.

Sisemi mtoto wa miaka minane aachiwe Grand Theft Auto, ile ya kuiba magari. Kasha lake limeandikwa 18, na yaliyomo humo hayamfai, hasira zimpande zisimpande. Ninachosema ni kwamba mzazi aliyeiondoa gemu ya bunduki akaweka ya mpira, kisha akaenda zake kulala, hajaondoa kitu.

Asiyewahi kuingia kibanda cha gemu cha Ng'ambo hukidhania ni pango la wahuni. Kwa kawaida ni chumba cha mbele cha nyumba ya mtu. Pazia mlangoni, televisheni za kichogo tatu nne zimewekwa juu ya meza, mabenchi, na feni moja ambayo kila mtu anataka kukaa mbele yake. PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000, na vibandani kwetu ilidumu miaka mingi baada ya watu wa kwingine kuitia stoo. Mechi ina bei yake, mia mbili zamani, baadaye mia tano. Na ukutani, kwa kalamu ya wino mzito, kanuni moja: ANAYEFUNGWA ANATOKA.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya pesa. Mwenye kibanda alitaka watu wazunguke, afya ya mtu haikumpitikia kichwani. Lakini tazama ilivyofanya kazi. Ukifungwa unampisha mwenzako, unarudi kwenye benchi nyuma ya watu wanne watano. Macho yanapumzika bila ya wewe kujua. Unatazama mlangoni, unatazama nani kapita njiani. Vidole vinanyooka. Unatoka kununua ubuyu wa mia, unarudi. Bingwa naye hakai milele, maana wa kumfunga yumo humo humo anangoja. Pesa ikiisha imeisha, na mwenye kibanda akikukopesha atakuja kukudai mbele za watu. Adhana ya Magharibi ikilia televisheni zinazimwa, na asiyezima atafuatwa na maalim wa chuo cha Qurani au na mzee wa mtaa. Juu ya yote hayo, mama huja mlangoni na kanga yake. Hasemi neno. Anasimama tu, na chumba kizima kinajua ni mama wa nani.

Vibanda siwapambii. Aliyefungwa mara nyingi ndiye aliyelipia wote wawili, na masheikh waliposema hiyo inanukia kamari hawakukosea. Watoto waliruka chuo. Wakubwa waliwatuma wadogo sigara, na matusi tuliyoyajua tuliyasoma humo. Pamoja na hayo, ilikuwa kazi kubwa kwa mtoto kucheza saa sita mfululizo. Angehitaji pesa ambazo hana, kipaji cha kutofungwa, na mtaa mzima uliopofuka.

Simu ya mkononi imeziondoa breki hizo, moja baada ya moja. Foleni hakuna. Ukifungwa hutoki, mechi nyengine inajipanga kabla hujavuta pumzi. Bei ya mechi hakuna, kwa sababu gemu "ni ya bure" na bando keshanunua baba. Mama wa kusimama mlangoni hana mlango wa kusimama, mchezaji yumo ndani ya shuka. Na tofauti na mwenye kibanda, aliyefurahi ukitoka ili mwengine aingie, mwenye gemu ya simu anafurahi ukibaki. Ndiyo maana kuna zawadi ya kuingia kila siku, ukikosa siku moja unaanza upya. Ndiyo maana wenzako wanakuita saa sita za usiku, "tuko watatu, twakungoja wewe," na ukichomoka katikati ya vita unakatwa pointi na kutukanwa na watu usiowajua.

Kama ningeambiwa nichague dhara moja tu la kuwatisha nalo wazazi, ningeacha damu, ningeacha macho, nikachagua usingizi. Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Hebu pigeni hesabu kwa saa zetu. Kijana wa Unguja anayeamshwa saa kumi na moja kwa Alfajiri, apate zile saa 8 za mwisho kabisa, sharti awe kashalala saa tatu za usiku. Saa tatu za usiku kijana gani wa mjini kalala? Wengi ndiyo kwanza wanaingia kwenye mechi. Mwanga wa kioo karibu na uso huuchelewesha mwili kutoa homoni ya usingizi, na hata akiizima simu, moyo bado unakimbia na kichwa bado kinahesabu maadui. Analala saa nane za usiku. Asubuhi anaitikia kwa kunung'unika, darasani anasinzia, chuoni anasahau sura aliyoihifadhi jana, akiguswa anang'aka. Mama anakuja kwangu: "Gemu zimemfanya mkali." Huyo hana ukali wa gemu, bi mkubwa. Ana deni la usingizi la wiki nzima.

Ramadhani ndiyo huvuruga mambo zaidi. Usiku mji mzima uko macho, kwa hiyo mtoto kucheza kutoka tarawehe mpaka daku haonekani kafanya la ajabu. Mchana gemu inampitishia saumu. Wazazi hushukuru, katulia. Shida huja baada ya Idd, skuli zinapofunguliwa na mwili wa mtoto bado unafuata saa za daku. Walimu wa skuli wanaokuja dukani kwangu hunambia wiki ile huwa wanasomesha watu waliolala.

Macho nayapita upesi kidogo, ingawa ndiyo yanayoulizwa sana. Mtu huchezesha kope kiasi cha mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo hupungua sana, na uso wa jicho unakauka. Ndiyo kuwashwa na kuona ukungu kule. Dawa yake rahisi: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Kibandani breki hiyo ilikuja yenyewe ulipokaa benchi. La kutoona mbali ni kubwa zaidi, na hapa nina habari kutoka Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kwa vioo na vipuri. Madaktari wa huko waliwafuatilia watoto wa darasa la kwanza kwa miaka mitatu, utafiti ukatoka 2015. Skuli zilizoongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku, watoto kiasi cha 30 katika kila 100 walipata tatizo la kutoona mbali. Zile ambazo hazikuongeza, karibu 40. Kwa maana hiyo mtoto anayejifungia ndani na simu anapata hasara mara mbili, kwa kioo anachokikodolea na kwa jua analolikosa. Na jua, bwana, ndiyo mali tusiyoiagiza kutoka nje.

Kuhusu vidole, mambo haya ni ya kale kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1990 daktari wa Marekani, Richard Brasington, aliandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine habari ya mwanamke wa miaka 35 aliyepata maumivu makali ya kidole gumba baada ya kucheza Nintendo saa tano bila ya kupumzika. Mwanamke mzima huyo, si mtoto. Mimi hapa wateja wengine hunionesha kidole kabla ya padi, wakitaraji sijui nitakifungua kwa bisibisi gani. Ninachowaambia ni pumzika, na ikizidi nenda hospitali, msuli wa kidole haubadilishwi kwa vipuri vya Mlandege.

Nina moja la afya ambalo watafiti hawalitaji sana na mimi naliona kila mwezi. Mtoto anacheza simu ikiwa kwenye chaja, tena imefunikwa mto. Betri inapata joto la kuchajiwa na joto la gemu kwa pamoja, pa kutokea hapana. Ikija kwangu imeumuka kama andazi, kioo kimebanduka pembeni. Jamani, simu ya hivyo msiitoboe, msiikandamize, msiichomeke tena kwenye umeme "nione kama inaingia". Betri hizo zinawaka, na ikiwaka itawaka mahali mtoto alipo.

Nije kwenye pesa, maana hapa ndipo wazee na mimi tunapopatana kabisa.

Mama mmoja wa Jang'ombe alikuja akilia kwamba kaibiwa na matapeli. Pesa za kwenye simu, alizoziweka kidogo kidogo kwa ajili ya mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na wanawake wenzake, zilikuwa zinapungua elfu mbili mbili, elfu tano tano. Tulipofungua ujumbe wa miamala tukakuta mtapeli yumo ndani ya nyumba, ana miaka kumi na moja, na namba ya siri aliiona siku mama alipomtuma dukani kulipia unga. Alikuwa ananunua almasi za kwenye gemu, na kwa almasi hizo anafungua masanduku. Sanduku unalilipia kabla ya kujua mna nini: pengine nguo ya mchezaji ambayo hakuna mwenziwe anayo, pengine takataka. Mara nyingi takataka. Unajaribu tena.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner alikwisha kuonesha zamani, kwa panya na njiwa, kwamba mnyama anayepewa chakula kwa bahati, mara kipo mara hakipo, hubonyeza kitufe bila ya kuchoka kuliko anayepewa kwa hesabu inayojulikana. Mashine za kamari zimejengwa juu ya tabia hiyo, na masanduku haya hivyo hivyo. Ubelgiji mwaka 2018 iliyahesabu kuwa ni kamari na kampuni zikalazimika kuyaondoa kwenye gemu zao nchini humo. Sisi hapa, nchi ambayo mtu akionekana na karata za pesa barazani anakemewa na kila apitaye, tumeiweka kamari mkononi mwa mtoto wa darasa la tano na kumwambia kaa hapo utulie. Yule mama hakumpiga mwanawe, nilimsifu kwa hilo. Alibadilisha namba ya siri palepale mezani kwangu, akanigeuzia mgongo hata mimi nisiione. Ndivyo inavyotakiwa.

Neno "uraibu" nalitumia kwa uchache. Shirika la Afya Duniani lililipitisha tatizo la gemu kwenye orodha yake ya maradhi, ICD-11, mwezi wa Mei 2019, na orodha ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Wengi wanaosikia hivyo hudhani kumetajwa idadi ya saa. Haikutajwa. Wanachotazama ni kama mtu keshashindwa kujizuia, kama gemu imepita mbele ya kila kitu chengine maishani mwake, na kama anaendelea ingawa anaona inavyomuumiza, kwa muda ambao kwa kawaida ni miezi 12. Kwa kipimo hicho, watoto wengi wanaoletwa kwangu wakiitwa mateja wa gemu hawamo. Wanapenda gemu, na hakuna anayewazuia.

Lakini wapo. Namjua kijana mmoja mkubwa, alikuwa na biashara yake ndogo ya samaki, akaiacha ikafa. Alikonda. Simu yake ilikuwa inaletwa na mdogo wake, mwenyewe hatoki. Familia ilimpeleka kusomewa, na mimi sina neno na kusomewa. Tatizo ni kwamba kwetu mtu akitajiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, hudhani keshaitwa mwendawazimu, kwa hiyo daktari anafikiwa mwisho kabisa, watu wameshachoka na pesa zimekwisha. Na ukikaa na kijana yule ukamsikiliza, gemu ilikuja baadaye. Iliyotangulia ilikuwa ni huzuni ya mambo ambayo si yangu kuyaandika. Ndani ya gemu alikuwa mtu, ana cheo, anaitwa kwa heshima. Ukimnyang'anya simu tu na usimpe kitu chengine, umemwacha na nini?

Kwa watoto wa kawaida naikumbuka giza ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika na Unguja ikakaa miezi mitatu bila ya umeme. Vibanda vilifungwa, isipokuwa vya wenye jenereta, na petroli ikafanya mechi moja iwe ghali. Kama watoto wale wangekuwa na ugonjwa, tungeuona mji mzima unatetemeka. Hatukuuona. Siku za mwanzo walizurura, wakalalamika. Kisha tiara zikajaa juu ya mapaa, gololi zikarudi, wasichana wakacheza nage mpaka giza liingie, na mpira wa uchochoroni ukawa na wachezaji wa akiba. Umeme uliporudi, vibanda vilijaa tena siku ile ile. Mtoto hucheza kilichopo karibu. Sitamani giza ile irudi, wauza samaki na wagonjwa waliteseka mno. Nasema tu tuliona kwa macho.

Serikali nyengine zimejaribu kuweka breki kwa sheria. Korea Kusini mwaka 2011 iliwafungia walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni za kompyuta kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi. Gemu za simu ziliachwa nje, watoto wakahamia huko huko, na baada ya miaka kumi hivi sheria ikafutwa. China ilikaza zaidi mwezi wa Septemba 2021: aliye chini ya miaka 18 anacheza gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu za usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwetu sheria kama hiyo ataisimamia nani? Laini ya simu ya mtoto imesajiliwa kwa jina la mjomba.

Na msinisome nusu. Gemu zina faida, na mimi sioni haya kusema nimefaidika nazo zaidi ya kodi ya duka. Watafiti Shawn Green na Daphne Bavelier walionesha mwaka 2003 kwamba wanaocheza gemu za kasi huwa wepesi zaidi wa kugundua na kufuatilia vitu vingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2007 daktari James Rosser na wenzake walichapisha kwamba madaktari wa upasuaji wa tundu dogo waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walikosea kwa asilimia 37 pungufu na kumaliza kwa kasi zaidi kwenye majaribio ya mafunzo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mwaka 2020 gemu iitwayo EndeavorRx itumike kama tiba kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye shida ya kuzingatia. Angalieni lakini kwa wale wa upasuaji: hesabu yao ilianzia saa tatu tu kwa wiki. Hao madaktari hawakupata mikono mizuri kwa kukesha.

Kuna na faida isiyopimwa. Urafiki wangu na watu wa mitaa ambayo nisingeikanyaga, Kwahani, Malindi, mpaka na jamaa mmoja wa Wete, Pemba, aliyekuwa akija likizo kutufunga wote, umetoka kwenye mabenchi yale. Ukifungwa na mtu kisha mkakaa benchi moja kungoja zamu, mtazungumza tu.

Wiki iliyopita alikuja mama kubadilisha kioo cha simu ya kijana wake wa kidato cha pili, akauliza lile swali. Nikamwambia asiiuze, kundi la masomo la darasa limo humo. Nikamwonesha namna ya kuifunga gemu kwa muda, nikamwambia jambo kubwa ni moja tu: ikifika saa tatu, simu ichajiwe nje ya chumba anacholala mtoto. Akanitizama kama niliyetoka sayari nyengine. "Fundi, chumba kipi hicho? Mimi na wanangu wanne tuna chumba kimoja." Hapo nikanyamaza, maana kitabu cha madaktari wa usingizi hakikuandikwa kwa chumba kimoja. Tukafikiri pamoja, mteja wa pili akatia neno, wa tatu akatia lake. Mwisho mama mwenyewe akasema mama mkwe wake anakaa nyumba ya pili, mlango kwa mlango, na huamka usiku kusali, hakuna mtoto atakayethubutu kwenda kuichomoa simu pale.

Jana kapita tena, kaja kuchukua kava. Nikamuuliza mambo vipi. Kijana analala, akasema, ingawa siku mbili za mwanzo alinuna. Simu inachajiwa kwa bibi kama tulivyopanga, isipokuwa asubuhi wanaikuta haijajaa. Bibi kajifunza ludo.